“Washiriki Wanane Walidhibitiwa”: Neno Moja la Kiingereza, Maana Mbili Zisizokutana

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya umahiri aliniletea muhtasari wa utafiti wa tiba aliokuwa ameutafsiri kutoka Kiingereza. Muhtasari huo ulikusudiwa kusomwa na familia za watu walioshiriki katika utafiti. Kwa jumla tafsiri ilikuwa nzuri, ila sentensi moja ilinisimamisha: “Washiriki wanane walidhibitiwa kabla ya utafiti kumalizika.” Mwanafunzi alinieleza kuwa hata mzee mmoja aliyepewa rasimu aisome alikuwa ameuliza swali juu ya sentensi hiyo hiyo: “Hao waliodhibitiwa walikuwa wamefanya kosa gani?”

Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Watu hao wanane walikuwa hai, na ugonjwa wao ulikuwa haujarudi walipoonwa na watafiti kwa mara ya mwisho. Sentensi iliyopaswa kuzipa familia zao habari njema iliwapa wasiwasi.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni neno la Kiingereza *censoring*. Neno hilo lina maana moja katika habari na sanaa, na maana nyingine kabisa katika takwimu na utafiti wa tiba. Makala haya yanaeleza maana zote mbili, yanaonyesha kwa nini kitenzi “dhibiti” hakiwezi kuzibeba kwa pamoja, na yanapendekeza namna ya kuandika maana ya pili kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Asili ya neno

Neno hili linatokana na Kilatini *censor*, jina la cheo katika Roma ya kale. Kwa mapokeo ya Warumi, cheo hicho kilianzishwa mwaka 443 kabla ya Kristo, na kilishikwa na maofisa wawili kwa pamoja. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwahesabu raia na kuthamini mali zao. Baadaye walipewa pia kazi ya kuangalia mwenendo wa raia, na aliyeonekana kuvunja maadili aliweza kushushwa daraja.

Kazi ya kwanza imetuachia neno “sensa”, ambalo Kiswahili kimelipokea kupitia Kiingereza na ambalo kila Mtanzania na kila Mkenya analijua. Kazi ya pili ndiyo iliyozaa maana ya kukagua maandishi na sanaa. Kwa hiyo karani anayebisha hodi siku ya sensa na ofisa anayeamua ni filamu ipi ionyeshwe wanatoka katika ukoo mmoja wa maneno, ingawa kazi zao hazifanani tena. Undugu huu tutaurudia baadaye, kwa kuwa unamletea mfasiri tatizo lake.

Maana ya kwanza: habari, vitabu na sanaa

Katika uwanja huu Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Kina maneno kadhaa yanayogawana kazi ambayo Kiingereza kimelipa neno moja, na mfasiri makini huchagua kulingana na kitendo chenyewe.

“Kukagua” ni kuisoma au kuitazama kazi kabla haijafika kwa umma ili kuamua kama iruhusiwe. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1976 kuhusu filamu na michezo ya kuigiza ilihusisha kazi hiyo na chombo kilichojulikana kama Bodi ya Ukaguzi wa Filamu na Michezo ya Kuigiza. “Kufuta” au “kuondoa” ni kutoa sehemu ya kazi na kuacha nyingine. “Kupiga marufuku” ni kuizuia kazi nzima. Riwaya ya *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni kwa kipindi fulani. Kusema kwamba “ilikaguliwa” ni kusema jambo jingine, na kusema kwamba “ilifutwa sehemu” ni kusema jambo la tatu.

“Kudhibiti” ni pana kuliko yote hayo. Kitenzi hiki kimetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika barabara, mzizi uleule uliotupa “madhubuti”. Tunadhibiti mfumuko wa bei, tunadhibiti moto, tunadhibiti wadudu waharibifu. “Udhibiti wa vyombo vya habari” unaeleweka vizuri, lakini unaeleweka kwa sababu maneno yanayoufuata yametaja kinachodhibitiwa. Ukiyaondoa hayo, msomaji hajui tena unazungumzia nini.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Kwanza, mwandishi anayejinyima kusema kwa hofu ya wakubwa hafai kuitwa “mwandishi aliyejidhibiti”, kwa kuwa kujidhibiti katika Kiswahili ni sifa njema ya mtu mwenye kiasi. Afadhali kusema “aliyejifunga mdomo” au “aliyejizuia kuandika kwa hofu”. Pili, Kiingereza kina neno jingine linalokaribiana kwa sauti, *censure*, ambalo maana yake ni karipio au lawama rasmi. Bunge linapomkaripia mjumbe wake kwa neno hilo, halijakagua wala kufuta maneno yake.

Maana ya pili: takwimu

Mwanatakwimu anapotumia neno hili, hapana ofisa, hapana kalamu nyekundu, wala hapana jambo lililofichwa kwa makusudi. Anachosema ni kwamba thamani fulani haijulikani kikamilifu, lakini mpaka wake unajulikana. Hajui mgonjwa ataishi miaka mingapi baada ya upasuaji, ila anajua kwamba tayari ameishi miaka mitano. Hiyo mitano si jibu, lakini si bure pia.

Matumizi haya ya neno si ya zamani sana. Mwaka 1949 mwanatakwimu wa Denmark Anders Hald aliandika kwamba neno hilo lilipendekezwa na J. E. Kerrich. Huyu ndiye Kerrich aliyekuwa mwalimu wa hisabati Johannesburg, akakutwa Denmark wakati Ujerumani ilipoivamia nchi hiyo mwaka 1940. Akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika matokeo yake: upande wa kichwa ulitokea mara 5,067.

Mbinu iliyolieneza neno hili katika tiba ilitokea mwaka 1958, Edward Kaplan na Paul Meier walipochapisha makala yao ya pamoja katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Kaplan alikuwa akishughulikia muda wa kudumu wa vali za elektroniki katika nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Meier alikuwa akishughulikia muda wa kuishi wa wagonjwa. Matatizo yao yalikuwa mamoja: siku ya kufanya hesabu, vali nyingi zilikuwa hazijaharibika na wagonjwa wengi walikuwa hawajafa. Katika anwani ya makala yao waliyaita mambo hayo “uchunguzi usiokamilika”, na mfasiri anaweza kuchukua mwanga kutoka kwenye maneno hayo.

Mfano: wagonjwa 21 na majibu matatu

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika mfano ambao wanafunzi wa takwimu duniani kote hufundishwa. Mwaka 1963 Emil Freireich na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 42 wa saratani ya damu ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia kwa matibabu ya awali. Wagonjwa 21 walipewa dawa ya merkaptopurini, na 21 wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Swali lilikuwa hili: zitapita wiki ngapi kabla ya ugonjwa kurudi?

Katika kundi lisilopewa dawa, ugonjwa uliwarudia wote 21, na kufikia wiki ya 8 zaidi ya nusu yao walikuwa wamerudiwa. Katika kundi lililopewa dawa, ugonjwa uliwarudia tisa tu. Kwa wengine 12 ulikuwa haujarudi walipoonwa mara ya mwisho: mmoja katika wiki ya 6, mwingine wiki ya 9, na kuendelea hadi wa mwisho katika wiki ya 35. Hao 12 ndio ambao Kiingereza huwaita kwa neno tunalolijadili.

Je, tuwafanyeje katika hesabu? Tukiwatupa na kuhesabu wale tisa peke yao, wastani ni wiki 12.1. Tukijifanya kwamba ugonjwa uliwarudia siku ileile walipoonwa mara ya mwisho, wastani wa wote 21 ni wiki 17.1. Njia zote mbili zinaidhulumu dawa, kwa kuwa zinawaadhibu wagonjwa waliofanikiwa zaidi.

Njia ya Kaplan na Meier hufanya jambo la haki. Kila wiki ambayo ugonjwa umemrudia mtu, hutazama ni wangapi waliokuwa bado wanafuatiliwa. Katika wiki ya 6 walikuwa 21, na watatu wakarudiwa, hivyo sehemu iliyobaki salama ni 18 kwa 21, yaani 0.857. Mgonjwa mmoja alionwa mara ya mwisho wiki hiyohiyo akiwa salama. Anahesabiwa katika wale 21, kisha anaondoka katika hesabu bila kuandikwa kuwa amerudiwa. Wiki ya 7 inabaki na watu 17, na mmoja wao akarudiwa, basi 0.857 inazidishwa kwa 16 kwa 17 na kupata 0.807. Ukiendelea hivyo, sehemu iliyobaki salama haishuki chini ya nusu mpaka wiki ya 23. Dhidi ya wiki ya 8 ya kundi la pili, tofauti hiyo ni kubwa.

Basi kila mgonjwa katika wale 12 amechangia kile alichokijua: kwamba mpaka wiki fulani alikuwa salama. Hakufutwa wala hakudhibitiwa.

Kiambishi kinachojua takwimu

Kiswahili kina nyenzo ya kisarufi ambayo inaeleza hali hii kwa ufupi kuliko lugha nyingi. Nyenzo hiyo ni kiambishi “-ja-” katika ukanushi. Linganisha sentensi hizi:

*Ugonjwa haukurudi.*
*Ugonjwa haujarudi.*

Ya kwanza imefunga habari. Ya pili inasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mpaka sasa ugonjwa haujaonekana, na kwamba mlango bado uko wazi. Mwalimu anayefundisha dhana hii ya takwimu anaweza kuanzia hapo. Mtoto aliyetumwa dukani na “hajarudi” ni tofauti na yule ambaye “hakurudi”, na hakuna mzazi anayehitaji kufundishwa tofauti hiyo.

Kwa kuwa ripoti za utafiti husimulia yaliyopita, mfasiri atahitaji umbo changamano: “ugonjwa *ulikuwa haujarudi* alipoonwa mara ya mwisho katika wiki ya 35.” Umbo hili linataja hali na mpaka wake. Mfasiri anayeandika “wagonjwa 12 hawakurudiwa na ugonjwa” ameahidi jambo ambalo watafiti hawakuliahidi. Miongoni mwa hao 12 huenda wapo waliorudiwa mwezi uliofuata.

Aina tatu za mpaka

Hali tuliyoieleza ndiyo ya kawaida zaidi, na wanatakwimu huiita ya upande wa kulia: thamani halisi iko mbele ya mahali tulipokomea. Neno la Kiswahili linaloibeba ni “angalau” au “si chini ya”. *Alikaa angalau wiki 35 bila ugonjwa kurudi.*

Ya pili ni ya upande wa kushoto: thamani iko chini ya mpaka unaojulikana. Mfano wake tunao katika kliniki zetu. Kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu kina kiwango ambacho chini yake hakiwezi kutoa hesabu. Kiwango hicho kikiwa nakala 50 kwa mililita, jibu huandikwa “chini ya 50”. Watoa huduma huwaambia wagonjwa kwamba virusi “havionekani”, na neno hilo ni sahihi. Hatari iko kwa mfasiri anayeteleza na kuandika “havipo”. Kutoonekana ni mpaka wa kipimo. Kutokuwapo ni habari nyingine, na mgonjwa anayeiamini anaweza kuacha dawa.

Ya tatu ni ya katikati ya mipaka miwili. Mtu alipima Januari akakutwa hana maambukizi, akapima Julai akakutwa anayo. Tukiacha kando kipindi ambacho kipimo hakiwezi kubaini maambukizi mapya, tunajua kwamba aliambukizwa “baina ya” vipimo hivyo viwili, lakini siku yenyewe hatuijui.

Isichanganywe na nini?

Dhana hii hukaribiana na nyingine mbili. Ya kwanza ni data zilizokosekana, ambapo hatuna thamani wala mpaka wake: karatasi imepotea, swali halikujibiwa. Ya pili ni ya vitu vilivyoachwa nje ya sampuli tangu mwanzo. Tofauti yake ataielewa yeyote aliyewahi kufika diko la samaki. Samaki mkubwa akiwekwa kwenye mizani yenye mwisho wa kilo 50, na mshale ukagota, tunaandika “angalau kilo 50”. Huyo tumemwona, na mpaka wake tunaujua. Lakini samaki wadogo waliopita katika matundu ya wavu hawakufika kwenye mizani kabisa, na hata idadi yao hatuijui.

Kwa nini “dhibiti” haifai

Katika maandishi ya tiba kitenzi “dhibiti” tayari kina kazi mbili. “Kisukari kilichodhibitiwa” ni ugonjwa uliowekwa katika kiwango kisicho na hatari. “Kundi dhibiti” ni kundi la kulinganishia, ambalo halikupewa matibabu yanayochunguzwa. Sentensi “washiriki wanane walidhibitiwa” inaweza basi kueleweka kwamba ugonjwa wao ulitulizwa, au kwamba waliwekwa katika kundi la kulinganishia, au, kama alivyoelewa yule mzee, kwamba walichukuliwa hatua. Maana inayotakiwa haimo katika hizo tatu.

Kukopa nako kuna kikwazo chake. Kitenzi chochote tutakachokiunda kutokana na shina la Kiingereza kitagongana na “sensa”. Msomaji akikutana na “data zilizosensiwa” atafikiri zimetoka katika sensa ya watu na makazi. Hapo ndipo ule undugu wa Kirumi unapomkwaza mfasiri.

Pendekezo langu ni kitenzi “katizwa” kwa maandishi ya kitaalamu: “data zilizokatizwa”, “ukatizwaji wa upande wa kulia”, “wa upande wa kushoto”, “wa baina ya mipaka”. Nakiri kwamba kinafaa zaidi kwa upande wa kulia, ambako ufuatiliaji hukoma kabla ya tukio. Kwa hiyo istilahi hii ifafanuliwe inapotajwa mara ya kwanza.

Kwa maandishi ya wananchi sipendekezi istilahi yoyote. Kitenzi “komea” kinatosha: “ufuatiliaji wake ulikomea wiki ya 35.” Hakitaji mtendaji, hakilaumu, na kinadai mpaka utajwe. Muhimu zaidi ni nafasi ya kiima. Kiingereza huruhusu mgonjwa mwenyewe awe kiima cha kitenzi hiki, Kiswahili kisiige. Kilichokoma ni ufuatiliaji, si mtu.

Waliopotea na jina lao

Hesabu tuliyoieleza inasimama juu ya sharti moja: kwamba waliokomea njiani hawatofautiani, katika hatari yao, na waliobaki. Mtu aliyetoka kwa sababu utafiti umefika mwisho hana shida. Lakini aliyeacha kuja kliniki kwa sababu amezidiwa na kurudishwa kijijini kwao ni habari nyingine. Tafiti za kuwatafuta wagonjwa waliopotea katika kliniki za VVU barani Afrika zimeonyesha kwamba sehemu kubwa yao walikuwa wamefariki. Ukiwahesabu kama waliokomea kwa bahati tu, matibabu yataonekana bora kuliko yalivyo.

Hapa lugha ina wajibu. Kliniki nyingi huwaita watu hao “watoro”. Neno hilo limekwisha kuhukumu: linasema mtu amekimbia, na anayedhaniwa kukimbia hatafutwi kama anavyotafutwa aliyepotea. Mfasiri aandike “ambao hawajulikani walipo” au “waliopotea katika ufuatiliaji”, na aache swali la sababu likiwa wazi.

Kwa ufupi

– Habari na sanaa: chagua kati ya *kagua*, *futa*, *piga marufuku* na *dhibiti* kulingana na kitendo, na utaje kinachotendewa.
– Takwimu, maandishi ya kitaalamu: *data zilizokatizwa*, pamoja na ufafanuzi na upande wa mpaka.
– Takwimu, maandishi ya wananchi: *ufuatiliaji ulikomea…*, *ulikuwa haujarudi…*, *angalau*, *chini ya*, *baina ya*.
– Epuka: *wagonjwa walidhibitiwa*, *data zilizosensiwa*, *hawakurudiwa* badala ya *walikuwa hawajarudiwa*, *havipo* badala ya *havionekani*.

Mwanafunzi wangu aliirekebisha sentensi yake hivi: “Kwa washiriki wanane, ugonjwa ulikuwa haujarudi walipoonwa mara ya mwisho.” Ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa maneno machache. Yule mzee aliisoma, akauliza swali jingine: “Walionwa lini mara ya mwisho?” Hilo ndilo swali ambalo mwanatakwimu naye angeuliza.